Saa za diski: historia ya kipimo kinacholala kazini

Wasomaji wangu, leo naweka msimbo kando kidogo tuzungumze historia. Nataka tuangalie nambari moja ndogo ambayo wengi wetu huitazama kabla ya kutoa pesa mfukoni: idadi ya saa ambazo diski imetumika. Nenda Luthuli Avenue ukanunue kipakatalishi cha mitumba. Muuzaji atakiwasha, afungue programu ya kukagua diski, akuonyeshe kwa kidole: "Boss, masaa mia tisa tu. Hii ni kama mpya." Nawe unakubali, kwa sababu mtu anaweza kudanganya lakini nambari itadanganya ya nini?

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Nambari hiyo inaweza kuwa haijaguswa na mtu yeyote, na bado isikuambie kile unachodhani inakuambia. Chukua diski mbili za SSD za aina moja, zilizotoka kiwandani siku moja na kufanya kazi miaka ile ile mitatu. Moja inaweza kuonyesha saa nyingi mara kadhaa kuliko mwenzake, na zote mbili ziwe zinasema ukweli. Tofauti iko kwenye mipangilio ya kuokoa umeme ya tarakilishi zilimofungwa. Ili kuelewa jambo hili limetokeaje, inabidi turudi nyuma zaidi ya miaka thelathini.

Mwanzo: chuma kinachozunguka

Kipimo cha saa hakikubuniwa kwa ajili ya SSD. Kilibuniwa kwa ajili ya diski za zamani, zile zenye sahani zinazozungushwa na mota. Ukiiwasha diski kama hiyo, mota inazunguka, beringi zinasuguana, kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani. Muda ukipita, chuma kinachakaa. Kwa hiyo kuhesabu saa za diski kulikuwa na maana ile ile ya kuhesabu kilomita za gari.

Mwaka 1992 IBM ilianza kuweka kwenye diski za seva zake za AS/400 uwezo wa kujichunguza zenyewe na kutoa onyo kabla hazijaharibika. Baadaye Compaq, ikishirikiana na watengenezaji wa diski Seagate, Quantum na Conner, ilitengeneza mfumo wake ulioitwa IntelliSafe, na mwaka 1995 ikaupeleka kwenye kamati ya viwango ili kila mtu autumie. Kutokana na juhudi hizo tukapata kinachoitwa SMART: jedwali dogo lililomo ndani ya diski lenye vipimo vyenye namba. Kipimo namba 5 ni sekta zilizohamishwa. Namba 12 ni mara ambazo diski imewashwa. Na namba 9 ndiyo shujaa wetu wa leo: saa za kuwa na umeme.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mbegu ya matatizo ilipopandwa. SMART ilipoingia kwenye kiwango rasmi cha ATA-3, kilichotoka 1997, maelezo ya jedwali hilo hayakuingia nayo. Kiwango kililazimisha diski iweze kujibu swali moja tu: je, u mzima au unakaribia kufa? Vipimo vyenyewe, maana yake na namna ya kuvihesabu, vikaachiwa kila mtengenezaji. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na watengenezaji wakachana kila mmoja kwa mtindo wake.

Saa ambazo si saa

Matokeo yalionekana upesi. Baadhi ya diski za Maxtor zilihesabu dakika katika kipimo namba 9. Baadhi ya diski za Fujitsu zilihesabu sekunde. Baadhi ya diski za Samsung zilihesabu nusu dakika! Programu isiyojua hayo ingekuambia kwamba diski ya miezi sita imefanya kazi tangu zama za mababu.

Aliyejitwika mzigo wa kusafisha fujo hii alikuwa Bruce Allen, mwanafizikia wa chuo kikuu cha Wisconsin–Milwaukee huko Marekani, mmoja wa watafiti wa mawimbi ya mvutano. Kazi yake ilihitaji kundi kubwa la tarakilishi, na kundi kubwa la tarakilishi lina diski nyingi za kufa. Mwaka 2002 alichukua programu ya zamani iliyoitwa smartsuite, iliyoandikwa na Michael Cornwell, akaanzisha smartmontools. Hadi leo, ukiandika smartctl kwenye Linux unatumia matunda ya kazi hiyo. Ndani yake kuna hifadhidata ya aina za diski, ambayo kazi yake kubwa ni kusema: diski hii ikisema "saa", tafsiri ni dakika, ile ikisema hivi, tafsiri ni vile. Ukiisoma kama programa utacheka, kisha utasikitika.

Lakini angalia: mpaka hapo ugomvi ulikuwa juu ya kipimo tu, yaani saa au dakika. Hakuna aliyebishana kuhusu ni wakati gani wa kuhesabu. Diski ikiwa na umeme, inahesabu. Basi.

Umeme unapoanza kubanwa

Wakati huo huo kulikuwa na historia nyingine inayokwenda sambamba. Vipakatalishi vilikuwa vimeanza kuenea na betri zilikuwa hafifu. Mwaka 1992 Intel na Microsoft walitoa mfumo wa APM wa kusimamia umeme, na Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba wakatoa ACPI, ambao tunautumia mpaka leo. Wazo lilikuwa rahisi: kifaa kisicho na kazi kilale.

Kwa diski ya mota, kulala kulimaanisha kusimamisha sahani au kuegesha kichwa. Na kuokoa umeme kulikuwa na gharama yake. Mwaka 2007 watumiaji wa Ubuntu walizua kelele kubwa walipogundua kwamba diski za vipakatalishi vyao zilikuwa zikiegesha kichwa tena na tena, mchana kutwa, kwa sababu ya mipangilio mikali ya umeme. Diski nyingi za aina hiyo zilikuwa zimekadiriwa kuhimili maegesho 600,000, na kwa mwendo ule ukomo huo ungefikiwa mapema mno. Dawa ilikuwa amri moja ya hdparm ya kupunguza ukali wa mipangilio.

Kisa hicho kilitufundisha kwamba mipangilio ya umeme inaweza kubadilisha vipimo vya diski. Ila wakati ule kuongezeka kwa nambari kulikuwa kuchakaa kwa kweli. Kwa SSD mambo yaligeuka: nambari ikaanza kubadilika bila diski yenyewe kubadilika.

SSD na mlinzi wa usiku

Mwaka 2008 Intel ilitoa X25-M, mojawapo ya SSD zilizowashawishi watu wa kawaida kuachana na diski za mota. SSD haina mota wala beringi. Ndani kuna chipu za kumbukumbu za flashi na kidhibiti, ambacho ni tarakilishi ndogo yenye programu yake. Kinachochakaza flashi ni kuandikwa na kufutwa. Kukaa na umeme bila kufanya lolote hakusugui kitu.

Hata hivyo kipimo namba 9 kilihamia kwenye SSD pamoja na mizigo mingine ya nyumba ya zamani. Tofauti ni kwamba SSD inaweza kulala haraka sana na kuamka haraka sana. Kwenye diski za SATA, njia ya mawasiliano kati ya diski na ubao mama ina hatua mbili za usingizi: Partial, ambayo inatakiwa kuamka ndani ya mikrosekunde 10, na Slumber, ambayo imepewa hadi milisekunde 10. Usingizi huo unaweza kuanzishwa na tarakilishi, unaoitwa HIPM, au na diski yenyewe, unaoitwa DIPM. Kisha SATA 3.2 ya mwaka 2013 ikaleta DevSleep, usingizi mzito ambapo hata mitambo ya mawasiliano inazimwa na diski inabaki kutumia umeme kidogo sana, wa kuhesabika kwa milliwati.

Sasa jiulize: nani anahesabu saa? Ni programu iliyomo ndani ya kidhibiti. Kidhibiti kikilala, mhesabuji amelala.

Fikiria soja wa usiku pale getini. Tajiri mmoja anamlipa kwa saa alizokuwa langoni, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi. Tajiri mwingine anamlipa kwa saa alizokuwa macho. Soja ni yule yule na usiku ni ule ule, lakini daftari mbili zitakuwa na hesabu mbili tofauti, na hakuna mwizi kati yao. Baadhi ya SSD hufuata tajiri wa kwanza, baadhi hufuata wa pili: zikiingia Slumber au DevSleep, saa husimama. Na kwa kuwa kipakatalishi kinachosomwa barua pepe hukaa muda mwingi bila kuigusa diski, usingizi huo huwa sehemu kubwa ya siku.

Sentensi iliyogeuka

Ikiwa unadhani viwango vya kisasa vimemaliza ubishi huu, tazama NVMe, lugha ya diski za M.2 tunazonunua leo. Safari hii waandishi wa viwango walijitahidi. Jedwali la afya limewekwa ndani ya waraka rasmi, kila kipimo na maana yake. Toleo la kwanza la mwaka 2011 lilieleza kwamba saa za umeme zinahesabiwa daima, hata diski ikiwa katika hali ya umeme mdogo. Safi kabisa. Tajiri wa kwanza ameshinda.

Lakini mwaka 2012 toleo la 1.1 lilileta APST, uwezo wa diski kujishusha yenyewe kwenye hali za usingizi bila kusubiri amri. Diski ya NVMe inaweza kutangaza hali za umeme hadi 32, na zile za chini kabisa ni hali ambazo haiwezi kufanya kazi mpaka iamke. Mhesabuji naye atalala. Matoleo yaliyofuata yaliibadilisha ile sentensi, na ukisoma toleo la 1.4 la mwaka 2019 utakuta kwamba hesabu huenda isijumuishe muda ambao kidhibiti kilikuwa na umeme lakini kikiwa katika hali ya kutofanya kazi.

Neno la kukamata hapo ni "huenda". Halisemi hesabu inajumuisha, wala halisemi haijumuishi. Mtengenezaji achague. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sentensi muhimu kuliko zote katika historia hii, kwa sababu inaruhusu diski mbili zinazofuata kiwango kile kile kutoa majibu tofauti kwa swali lile lile.

Mkono wa mfumo wa uendeshaji

Tuongeze mchezaji wa mwisho. Diski inaweza kuwa na uwezo wa kulala, lakini mfumo wa uendeshaji ndio unaoiruhusu. Linux 2.6.24 ya Januari 2008 ilileta mpangilio wa kusimamia umeme wa njia ya SATA, wenye chaguo kama max_performance, medium_power na min_power. Kwa miaka mingi mashine nyingi ziliachwa kwenye max_performance, maana baadhi ya diski zilileta matatizo zikilazwa. Linux 4.15 ya Januari 2018 ikaongeza chaguo la med_power_with_dipm, linaloiga namna Windows inavyofanya, na mwaka huo huo Fedora 28 ikalifanya kuwa la kawaida kwenye vipakatalishi. Upande wa NVMe, APST iliingia kwenye Linux 4.11 mwaka 2017.

Unaona maana yake? Mtu mwenye diski inayoacha kuhesabu ikilala aliweza kupandisha toleo la Linux jioni, na kuanzia kesho yake diski "ikazeeka" polepole kuliko jana. Hakubadilisha diski. Hakubadilisha kazi zake. Kilichobadilika ni ruhusa ya kulala.

Kwa nini uhangaike

Utaniuliza, kwa nini nikose usingizi kwa ajili ya usingizi wa diski? Nina sababu tatu.

Ya kwanza ni pesa zako. Saa chache kwenye diski ya mitumba zinaweza kumaanisha imetumika kidogo. Zinaweza pia kumaanisha ilikaa miaka minne ofisini ndani ya kipakatalishi chenye mipangilio mikali ya umeme. Na kinyume chake: diski yenye saa nyingi inaweza kuwa ilikaa macho kwenye seva ya kusoma tu, flashi yake ikiwa karibu mpya.

Ya pili ni kwamba mara nyingine saa hizo zimeua diski. Mwanzoni mwa 2012 Crucial ilitoa marekebisho ya programu ya ndani ya SSD yake ya m4, kwa sababu diski ilikuwa ikikwama baada ya kufikisha saa 5,184. Gawanya kwa 24 utapata siku 216. Novemba 2019 HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za SAS zingekufa zikifika saa 32,768, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, na data isingerudi. Programa yeyote anaitambua nambari hiyo: ni 2 kwa kipeo cha 15, mahali ambapo nambari ya biti 16 yenye alama ya kutoa inafurika. Machi 2020 ikaja tahadhari nyingine ya HPE, ya saa 40,000. Seva hazilali, kwa hiyo diski zilizowekwa siku moja zingekufa karibu kwa pamoja, na kuzipanga kwa RAID kusingesaidia kitu. Lakini diski yenye kasoro ya aina hiyo ikiwa ndani ya kipakatalishi, siku ya kufa ingeamuliwa na namna inavyohesabu. Inayohesabu saa 24 kwa siku ingefika 5,184 kwa siku 216. Inayohesabu saa 6 tu ingefika kwa siku 864.

Ya tatu ni udanganyifu. Mapema mwaka 2025 wanunuzi Ulaya waligundua kwamba diski za mota za Seagate walizouziwa kama mpya zilikuwa zimetumika kwa maelfu ya saa. Wajanja walikuwa wamerudisha SMART kwenye sifuri. Kilichowaumbua ni kumbukumbu nyingine ya ndani inayoitwa FARM, ambayo ilibaki na hesabu ya kweli na ambayo smartctl iliweza kuisoma tangu toleo la 7.4 la mwaka 2023. Funzo lake ni jepesi: shahidi mmoja hatoshi.

Jipimie mwenyewe

Basi ufanyeje? Kwanza, jua diski yako inahesabu vipi. Kwenye Linux andika smartctl -a ikifuatiwa na jina la diski, uandike saa zilizopo. Acha tarakilishi ikiwaka siku nzima bila kuizima wala kuilaza, kisha soma tena. Zikiongezeka 24 au karibu na hapo, diski yako ni ya tajiri wa kwanza, au hairuhusiwi kulala. Zikiongezeka tatu au tano, umemwona soja akisinzia.

Ili kuthibitisha, weka max_performance kwenye link_power_management_policy ikiwa ni SATA. Ikiwa ni NVMe, washa Linux na nvme_core.default_ps_max_latency_us=0, ambayo inazima APST. Rudia jaribio. Hesabu ikirukia 24, umepata jibu lako. Kisha rudisha mipangilio ilivyokuwa. Hakuna faida ya kuchosha betri ili nambari ipendeze, wala hakuna faida ya kuilaza diski ili ionekane kijana. Umri wa flashi haujali daftari.

Pili, ukinunua, tazama mashahidi wengine. Kwenye NVMe kuna data iliyoandikwa, inayohesabiwa kwa vipande vya baiti 512,000; vipande milioni 20 ni kama terabaiti 10.24. Linganisha na ukomo wa uandishi ambao mtengenezaji ametangaza kwa modeli hiyo. Kuna asilimia ya maisha iliyotumika. Kuna idadi ya kuwashwa na idadi ya kuzimika ghafla, na hiyo ya mwisho hapa kwetu, stima ikipotea bila hodi, husimulia mengi. Saa 900 zikiambatana na kuwashwa mara 3,000 na terabaiti 40 zilizoandikwa, hiyo si diski "kama mpya". Ni diski iliyofanya kazi kweli na kulala vizuri.

Wale wa 1992 hawakukosea. Walipima kitu kilichokuwa na maana kwa mashine zao. Sisi ndio tuliorithi kipimo, tukabadilisha kinachopimwa, kisha tukambadilisha hata mwenye kupima, na jina likabaki lile lile. Kwa hiyo siku nyingine ukiambiwa "masaa mia tisa tu", mwulize muuzaji kwa upole: ni saa za kuwa langoni au za kuwa macho? Huenda akakutazama kama umechanganyikiwa. Wewe omba kuonyeshwa data iliyoandikwa, halafu ndipo mzungumze bei.

Kwa leo niishie hapo. Nendeni mkapime diski zenu, na mtengeneze nakala za data zenu kabla ya kupima.